TAHADHARI: Muuza troli za tulboksi mwenye gari la Probox nyeupe, soko la Kibuye

Mafundi wa Kisumu, na nyinyi wa Ahero, Maseno na Kakamega mnaoteremka Kibuye kila Jumapili, someni hii mpaka mwisho hata kama mtacheka. Najua mtacheka. Mimi ndiye niliyewahi kupiga kelele hapa kuhusu utapeli wa ile mashine ya kuosha magari, mimi ndiye niliyesema fundi mzima hatapeliwi akiwa macho. Haya. Nimetapeliwa nikiwa macho. Shilingi 14,500, mchana kweupe, na mali nilikuwa nimeishika kwa mikono yangu miwili.

Ni troli. Ile ya tulboksi tatu, yaani masanduku ya vifaa, zinazopandana, ya chini kubwa yenye tairi mbili, ya kati ya drili, ya juu ya droo za vitu vidogo, na mpini wa kuvuta unaorefuka na kufupika. Bega langu ni bovu tangu kazi ya Mamboleo, habari hiyo mnaijua, sirudii. Ambacho wengi hamjui ni kwamba nakaa chumba kimoja Manyatta na vifaa vyangu vinalala na sisi. Grainda chini ya kitanda, drili ya nyundo juu ya kabati, gunia la soketi na swichi nyuma ya mlango. Mwezi uliopita mtoto alikanyaga kipande cha waya wa stima nilichokuwa nimekata usiku. Mama watoto alinitazama tu, hakusema neno, na heri angesema. Kesho yake nikachukua tepu nikapima nyuma ya mlango: sentimita 58. Nikahamisha mtungi wa maji. Lile pengo lilikaa wiki tatu likingoja troli, na kila nikifunga mlango naliona.

Mtandaoni nilizipata nyingi, ila kila muuzaji alitaka nitume nusu kwanza. Nikawakatalia wote. Mmoja nilimtukana, nikajisifu.

Sasa Jumapili hiyo natoka kununua glandi za kebo, napita upande wa barabara, nje kidogo ya soko. Probox nyeupe imefungua mlango wa nyuma, katoni zimepangwa mpaka darini, na mbele yake troli imesimama imepandana vizuri kabisa. Jamaa ana kofia nyeusi, kalamu sikioni, mikono yake ina makovu ya kazi. Niliiangalia mikono kwanza. Mtu mwenye makovu ya grainda huwezi kumshuku haraka. Hakuniita, nilijipeleka mwenyewe. Nikauliza bei, akasema, “Fundi, bei tutaongea. Vuta kwanza. Mimi sipokei shilingi ya mtu ambaye hajavuta.”

Hapo ndipo aliponimaliza, ila sikujua. Miezi yote hii najikinga na wale wa tuma nusu, na huyu anakataa pesa!

Akaazima mfuko wa saruji, kilo 50, kwa duka la jirani, akaulaza juu ya ile ya chini. Vuta. Nikavuta. Nikaipitisha kwenye changarawe, nikaipandisha ukingo wa barabara, nikaishusha. Tairi za mpira, zilishuka “tup” na kunyamaza. Nikamwomba atoe saruji nikaipindua. Ekseli ni chuma kimoja kimepita kutoka tairi hii hadi ile, beringi ndani, sahani ya chuma chini ya kitako. Nikafungua vibanio vya pembeni, nikatenganisha tulboksi zote tatu, nikazirudisha, kla, kla, kla. Nikamwuliza inabeba kiasi gani, nikitarajia aseme kilo mia tatu kama waongo wote. Akasema, “Hamsini na kitu hivi ndiyo salama, na uzito uweke chini, usijaze ya juu, itakuangusha kwenye ngazi.” Sasa niambieni, tapeli gani anakushauri upunguze mzigo? Hayo ni maneno ya mtu aliyewahi kubeba.

Alianza 17,000, tukashushiana mpaka 14,500. Nikatoa simu. Nilipoingiza namba likatokea jina la mwanamke. Nikamtazama. Akacheka, “Ni madam, pesa zangu nikikaa nazo mimi zinaisha hapa hapa Kondele.” Nami nikacheka, maana zangu pia. Nikabonyeza.

Pesa ilipoingia nikashika mpini wa ile troli niondoke nayo. Akaniwekea mkono begani, hili bega lenyewe bovu, taratibu kabisa. “Aa, fundi wangu. Hii imevutwa na kila mtu tangu asubuhi, imejaa vumbi. Wewe nikupe ya kuonyeshea watu? Ngoja nikutolee yako mpya.” Nikaona nimeheshimiwa! Wallahi nilisimama wima kama mtu anayepewa cheti. Akashusha katoni, akakata selotepu upande mmoja kwa kisu, akainua kifuniko. Nikaona tulboksi ya juu inang’aa, karatasi ya maelezo juu yake, harufu ya plastiki mpya. Nikaanza kuingiza mkono nitoe. Hapo hapo matone yakaanza, mnajua mvua ya kutoka upande wa ziwa isivyobisha hodi, na ni mimi, si yeye, ni mimi mwenyewe niliyesema, “Funga, funga, italoa.” Akafunga kwa selotepu safu mbili, akanisaidia kuipakia kwenye tuktuk, akanipa risiti yenye muhuri na garantii ya miaka 2 kwa maandishi ya mkono mzuri.

Nyumbani sikuifungua papo hapo. Nilitaka niifungue mbele ya watu, kusema ukweli. Niliisimamisha katika zile sentimita 58, ikaenea sawasawa, mama watoto akatabasamu. Usiku nikaitoa kwenye katoni kwa mwanga wa simu, stima ilikuwa imepotea, nikajaza vifaa, nikalala. Fundi wa stima anapanga vifaa gizani. Andikeni hiyo pia.

Jumatatu kazi ni Milimani, nyumba ya ghorofa, mteja mpya ambaye nilimbembeleza mwezi mzima. Nateremsha troli kwenye tuktuk langoni, naivuta juu ya kabro kama mtu wa kiwanja cha ndege. Hatua labda kumi na mbili. Tairi ya kushoto ikaingia ndani kama mtu aliyechoka kusimama. Nikavuta kwa nguvu kuiinua, mpini wote ukatoka. Nikabaki nimeshika mabomba mawili hewani, mzigo nyuma unaenda kwa upande, tulboksi ya juu ikafunguka yenyewe: skrubu, rolplagi, konekta, tepu nyeusi inabingirika mpaka miguuni pa soja wa lango. Mita yangu ya kupimia ikaanguka kwa uso. Mteja yuko juu ya roshani na kikombe cha chai. Akauliza polepole, kwa adabu, “Fundi, na waya za nyumba utafunga hivyo hivyo?”

Kazi alinipa. Lakini nilipanda ngazi za ghorofa tatu safari nne, nikibeba vifaa kwa shuka la mama soja.

Jioni nikaichana ile takataka. Tairi si mpira, ni plastiki mbili nyembamba zimegandishwa, ndani tupu, ukibonyeza kwa kidole gumba zinaitikia. Ekseli hakuna! Kuna misumari miwili minene, urefu wa kidole, imechomekwa kila upande kwenye plastiki ya kitako, katikati hewa. Mpini alioniambia ni aluminiamu, nikaugusisha biti ya bisibisi yenye sumaku ikanata. Ni bati limepakwa rangi ya fedha, ukikwaruza kwa ukucha inatoka. Vibanio vya tulboksi ya kati havifunguki kabisa, vimechongwa tu kama picha ya kibanio. Ya juu ndiyo ilikuwa tulboksi ya kweli. Hiyo hiyo aliyonionyesha.

Nikampigia yule muuzaji simu, naambiwa mteja hapatikani. Nikatuma ule ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya M-Pesa ya kurudishiwa pesa, nikajibiwa pesa ilishatoka. Na hata ingekuwepo, 456 ni ya aliyekosea namba, mimi sikukosea namba, nilikosea mtu. Nikaenda polisi nikaandikisha, OB, ile namba ya kitabu cha matukio, ninayo. Askari wa zamu aliniuliza mara mbili, “Kwa hiyo uliikagua ukaona ni nzuri?” Ndiyo afande. “Halafu ukachukua nyingine?” Ndiyo afande. Akaandika polepole sana.

Wananiambia kosa hilo liko kwenye Sheria ya Adhabu, kifungu cha 313, kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo mpaka miaka 3. Mitatu! Huyu gereza la Kodiaga wampokee na wamsahau. La, kwanza kabla ya Kodiaga afungwe troli yake mwenyewe, mifuko miwili ya saruji juu, aivute kutoka Mamboleo mpaka kileleni Riat, jua la saa saba, na tairi zikiingia ndani abebe kichwani, sisi tukitembea nyuma na maji ya baridi tusiyompa. Mahakama ya madai madogo inasikiliza mpaka shilingi milioni moja, nimeshauriwa niende, lakini samansi nimpelekee nani, Probox? Namba ya gari sikuandika. Nitukaneni. Mke wangu ameshaanza.

Dalili zilikuwepo, sasa ndiyo naziona. Kijana wa tuktuk aliinua katoni kwa mkono mmoja akaniuliza, “Mzee, umenunua mkate?” Nikamjibu kwa ukali. Ile ya kuonyesha peke yake, bila mzigo, nilihangaika kuipindua. Risiti ina muhuri, haina mtaa wala jengo. Jina la simu lile. Na alikuwa ameacha injini ya gari inanguruma muda wote, nikadhani anachaji simu. Kuna jambo jingine kuhusu katoni, zilikuwa na maandishi ya blenda upande wa chini au sijui pasi, nilikuwa na hasira sikumbuki vizuri.

Kama umeivuta na ikakuridhisha, ondoka na hiyo hiyo yenye vumbi. Akikataa, mwachie na vumbi lake. Na pesa baada ya troli kuwa mkononi, si kabla, hapo ndipo mimi nilipoteleza.

Jamaa ni wa makamo, si mrefu, kofia nyeusi, anaongea pole pole na anakuita fundi wangu. Alisema ana safari ya Busia, kwa hiyo wa Luanda, Bumala na Busia fungueni macho. Ukimwona usimguse, sitaki maneno ya kuchoma mtu kwa tairi na petroli, piga picha ya namba ya gari unipigie, OB ninayo mfukoni, nitakuja hata kama ni usiku. Aliyeuziwa kama mimi naye ajitokeze tuongeze majina kwenye faili, aibu yangu imeshatangulia, yako haitaonekana.

Tulboksi ya juu nimeiweka, inabeba skrubu vizuri. Ile ya chini mtoto analaza paka ndani. Vijana wa jua kali pale Kibuye wamesema watanichomelea fremu ya bomba la mraba kwa 2,500, nipeleke tairi mwenyewe. Mwenye tairi mbili za mpira, inchi sita, zenye beringi na ekseli moja iliyopita, aniambie bei. Nitakuja kuzivuta kwanza, na nitakazovuta ndizo nitakazobeba.