Uzoefu Wangu na Kituo cha Chanjo za Watu Wazima

Huduma ninayoitolea maoni ni ya chanjo kwa watu wazima, katika kituo nilichokitumia kwa ajili ya homa ya ini aina ya B, pepopunda na homa ya manjano. Watu wengi hukipima kituo cha namna hii kwa urefu wa foleni na ukali wa sindano. Mimi naona vigezo hivyo havitoshi, kwa kuwa mambo yanayoamua kama chanjo itakukinga hufanyika kabla sindano haijakugusa na baada ya wewe kuondoka.

Nianze na mahojiano, ambayo yalichukua muda kuliko nilivyotarajia. Muuguzi aliniuliza kama nina mzio wa mayai, kama natumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili, na kama nimepata chanjo nyingine yoyote hivi karibuni. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alinung'unika kwamba sindano moja haistahili maswali yote hayo, lakini kila swali lilikuwa na sababu yake. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vya aina iliyotokana na kazi ya Max Theiler katika miaka ya 1930, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1951, na hadi leo hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Kwa hiyo mwenye mzio mkali wa mayai au mwenye kinga iliyoshuka sana anaweza kudhurika. Vilevile, chanjo nyingine za kudungwa zenye virusi hai, kama ile ya surua, hutolewa siku hiyohiyo au baada ya wiki 4, ili moja isije ikapunguza nguvu ya nyingine.

Kilichonifanya nikipe kituo hiki alama ya juu ni kichupa. Kabla ya kuvuta dawa, muuguzi alikigeuza kuelekea kwangu akasema, "Soma jina na tarehe mwenyewe, kisha utazame hapa." Kwenye lebo palikuwa na duara dogo la zambarau lenye mraba mweupe katikati. Mraba huo hugeuka rangi taratibu kadiri kichupa kinavyokaa kwenye joto, na ukishafanana na duara linalouzunguka, au ukikolea zaidi yake, dawa hiyo hutupwa bila mjadala. Alama hiyo, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu baridi kali, na chanjo za homa ya ini B na pepopunda huharibika kabisa zikiganda. Nilipouliza juu ya hilo, nilifunguliwa mlango wa jokofu nikaonyeshwa kipimajoto kilichokuwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, pamoja na karatasi ya kumbukumbu inayojazwa asubuhi na jioni. Kituo kinachokubali kuulizwa maswali ya aina hiyo bila kukunja uso ni cha kuaminika.

Kuhusu pepopunda, maelezo niliyopewa yalikuwa mafupi na mazuri. Surua ni ugonjwa ambao mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 mahali pasipo na kinga, ndiyo maana huhitajika takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili isipate pa kuenea, na wachache wasioweza kuchanjwa hujificha nyuma ya hao wengi. Pepopunda haina hisani hiyo. Vimelea vyake hukaa udongoni na haviambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, hivyo hata jirani zako wote wawe wamechanjwa, kidonda chako ni chako peke yako. (Kutu ya msumari, inayolaumiwa sana, haina hatia, kinacholeta hatari ni uchafu ulioshikana nayo.)

Sasa kasoro. Kichupa cha homa ya manjano mara nyingi huwa na dozi kadhaa, na kikishachanganywa lazima kitumike ndani ya saa 6, kwa hiyo kituo hukusanya watu na kuchanja kwa siku maalumu. Utaratibu huo naukubali. Nisichokubali ni kutoutangaza: niliona watu wakirudishwa mlangoni baada ya kupanga foleni, ilhali tangazo moja ukutani lingetosha. Pia karani aliyenijazia cheti alitaka kuandika kwamba kitadumu miaka 10, kanuni iliyokwisha kubadilishwa tangu Julai 2016, kwani cheti cha homa ya manjano sasa hutambulika kwa maisha yote kuanzia siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Muuguzi ndiye aliyemrekebisha. Asingekuwepo, ningeondoka na cheti chenye kosa, na maofisa wa mipakani hawana subira na vyeti vya namna hiyo.

Baada ya sindano tuliketishwa dakika 15, adrenalini ikiwa tayari kwenye sinia kwa ajili ya yule adimu atakayepatwa na mzio wa ghafla. Mkono uliniuma na uchovu ukanishika kidogo, kisha vikaisha vyenyewe. Maelezo ya maudhi hayo madogo yalitolewa kwenye karatasi ya herufi ndogo mno, bila mtu wa kuyafafanua, na hapo huduma ilipwaya.

Ya homa ya ini B hutolewa mara 3: ya kwanza, nyingine baada ya mwezi mmoja, na ya mwisho miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kituo kiliahidi ujumbe wa kunikumbusha, ila kwa dozi ya mwisho haukufika, nami nilikwenda kwa kufuata kalenda yangu. Aliyechelewa asikate tamaa, kwa sababu huendelea pale alipoishia bila kuanza upya. Kwa wahudumu wa afya na wengine wanaogusa damu kazini, kipo pia kipimo cha damu cha mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, kinachoonyesha kama mwili umejenga kinga ya kutosha. Hapa hakitajwi mpaka ukiulizie, basi kiulizie kabla hujachukua kadi yako.