Star Trek kwenye sinema: sura zile zile au kuanza upya?

Star Trek, tamthilia ya safari za anga za mbali, ilirushwa kwenye televisheni ya Marekani kuanzia 1966 hadi 1969, vipindi 79, kisha ikaletwa sinema kwa njia mbili tofauti kabisa.

Filamu ya 1979, iliyoongozwa na Robert Wise, iliwarudisha waigizaji wa awali, William Shatner (nahodha Kirk) na Leonard Nimoy (Spock, msaidizi wake). Hapakuwa na haja ya utambulisho: Kirk na Spock wakitazamana tu, mtazamaji wa zamani anaelewa. Lakini mwendo wake ni wa kobe, na mgeni anaachwa mlangoni.

Ile ya 2009 ya J.J. Abrams ilileta sura mpya, Chris Pine akiwa Kirk na Zachary Quinto akiwa Spock. Hapa ndipo penye ufundi. Safari ya kurudi nyuma katika wakati inazaa mkondo mwingine wa historia, hivyo ya zamani hayafutwi na waandishi wanabaki huru. Tena Nimoy mwenyewe yumo, Spock mzee akikutana na Spock kijana. Machozi yalinilengalenga pale. Kilichopungua ni utulivu: mapigano yamekula nafasi ya maswali mazito ya kimaadili, na hayo ndiyo yaliyonifanya niipende ile ya televisheni.

Hata hivyo, anayeanza leo ningemwekea ya 2009 kwanza.