Gereji ya Kizota iliyofufua usukani wa Land Rover ya marehemu baba

Land Rover Series III ya mwaka 1974 niliyoachiwa na marehemu baba ilikuwa ikiyumba njia nzima kutoka Dodoma hadi Kondoa, na usukani ulizunguka karibu robo duara kabla magurudumu hayajaitikia. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilikaza skrubu ya boksi la usukani peke yake. Gari likawa zito kwenye kona, na kuyumba kukabaki palepale. Ndipo jirani aliponielekeza kwenye gereji ndogo ya Kizota, upande wa viwandani.

Siku ya kwanza fundi hakufungua hata nati moja. Aliniketisha kwenye usukani niutikise kushoto na kulia, naye akalala chini ya gari akishika kiungo kimoja baada ya kingine, kisha akaniita nami niguse. Kati ya boljointi sita, yaani viungo vya duara kwenye ncha za fimbo za usukani, nne zilikuwa zimelegea, na bushi za pini linazogeukia gurudumu zilikuwa zimelika.

Kazi ngumu ilikuwa rilei, ule mhimili uliosimama ndani ya chesisi mbele ya rejeta na kupeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu, ambao ulikuwa umeganda kwa kutu. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu ya kutosha kuvunja taya, kwa hiyo aliizungushia gunia nene na kutufukuza wote, mwenye gari nikiwemo, kabla ya kuigonga itoke. Baada ya kuisafisha aliijaza oili ya gia namba 90, si grisi kama wengi wanavyofanya. Kwenye zile pini za magurudumu alinasa mizani ya springi, akawa anavuta na kusoma, akiongeza na kupunguza vibati vyembamba mpaka uzito wa kugeuka ukamridhisha. Nilihesabu mara saba.

Lawama ninayo. Niliahidiwa siku nne, zikawa tisa, kwa kuwa boljointi zilizotoka Dar es Salaam zote zilikuwa na nyuzi za skrubu zinazokazwa kwa kuzungusha kulia, ilhali nusu yake lazima ziwe za kushoto, na hakuna aliyekagua mzigo hadi siku ya kufunga. Risiti ni karatasi ya daftari. Ufundi wenyewe ulinigharimu shilingi 220,000, mbali na spea.

Uelekeo wa magurudumu aliupima kwa uzi na rula. Sikumwamini, nikaenda kupima kwa mashine mjini: magurudumu yalikaribiana mbele kuliko nyuma kwa milimita 2, wakati kinachotakiwa ni kati ya 1.2 na 2.4. Nilirudi kumwambia, akacheka tu, akaendelea kufungua gari la mteja mwingine.