Mafunzo ya tabianchi kwa watumishi Kigoma: ukumbini au kwenye kata?

Kila msimu wa bajeti swali hurudi: watumishi waitwe semina Kigoma mjini, au mkufunzi awafuate kwenye kata?

Kwa gharama, wengi hudhani ukumbi ni nafuu. Si lazima. Mtendaji wa kata akitoka Kalya, kusini mwa Uvinza, utamlipa nauli na posho ya kulala kabla hajashika kalamu. Mkufunzi akisafiri yeye, fedha huishia kwenye mafuta ya gari, na mvua zikikolea barabara nyingine hazipitiki. Hapo ukumbi unashinda. Unashinda pia pale wahandisi, wahasibu na maofisa mipango wanapotakiwa kuusoma pamoja utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na kuutengea fedha.

Kwa kinachobaki kichwani, naipa kata bila kusita. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutoa maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021 yalivamia makazi ya mwambaoni. Ofisa akisimama Kibirizi, ufukweni mwa mji wa Kigoma, wavuvi wakamwonyesha yalipofika, haelezwi mara mbili.

Ufuatiliaji baada ya mafunzo ni dhaifu kote usipotengewa fungu lake.

Halmashauri ambayo wakuu wake wa idara hawajawahi kufundishwa ianzie ukumbini. Iliyokwisha kufanya semina, na wakulima wake wako kwenye miteremko kama ya Buhigwe, ipeleke fedha kwenye kata wakati wa kiangazi, kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba.