Spana ya toki ya 5–25 Nm kwa Yamaha DT125 ya zamani: anza na ndogo

Ukiingia duka la vifaa na kuulizia spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, mara nyingi utaletewa ile ndefu ya mraba wa nusu inchi (mraba ni ile ncha inayoingia kwenye soketi), yenye kipimo cha 28 hadi 210 Nm (nyutoni-mita). Kwa nati za magurudumu ya gari inafaa sana. Kwa pikipiki ya DT125 ya zamani, ile yenye injini ya kupozwa kwa hewa, fedha ya kwanza iende kwenye spana ndogo ya kubofya, yaani inayotoa mbofyo ikifika kipimo ulichoweka, ya mraba wa robo inchi, 5 hadi 25 Nm. Hiyo ndiyo tunayoipima hapa.

Jedwali la jumla la Yamaha linataka bolti ya milimita 6, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10, ikazwe kwa 6 Nm. Ya milimita 8, spana namba 12, ni 15 Nm. Ya milimita 10 ni 30, ya 12 ni 55, ya 14 ni 85. Vipimo hivyo ni vya nyuzi safi na kavu, na hutumika pale kitabu cha pikipiki hakijataja kipimo maalumu. Sasa angalia injini: bolti na skrubu zinazoshika vifuniko vya pembeni karibu zote ni za milimita 6, na zinaingia kwenye alumini laini iliyozeeka. Spana kubwa inaanzia 28. Kiwango chake cha chini kabisa kinazidi mara nne ya mahitaji ya bolti hiyo.

Dalili ya bolti iliyozidishwa ni ileile kila mara. Inakuwa ngumu, halafu ghafla inakuwa laini mkononi huku ikiendelea kuzunguka. Ukiitoa utakuta waya mwembamba wa alumini, unaong'aa, umejiviringisha kwenye nyuzi zake. Hizo ndizo nyuzi za tundu, zimetoka nzima. Hapo hakuna dawa ila kutoboa upya na kuingiza nyuzi za chuma.

Spana hii ndogo inafanya vizuri kazi yake ya msingi. Kiwango cha kimataifa cha spana za toki, ISO 6789, hupima spana za kubofya kuanzia asilimia 20 ya kipimo chake cha juu, na asilimia 20 ya 25 ni 5, kwa hiyo mizani yote inatumika. Kosa linaloruhusiwa ni asilimia 6 kwa spana ambayo kipimo chake cha juu hakizidi 10 Nm, na asilimia 4 kwa zilizo juu ya hapo.

Udhaifu wake mkubwa ni mbofyo wenyewe. Kwenye 15 Nm unasikika wazi. Kwenye 6 Nm ni mguso mdogo tu kiganjani, na karakana ikiwa na kelele utaupita. Vuta polepole kwa mwendo mmoja, shika katikati ya mpini, na ukibofya acha hapohapo. Kubofya mara ya pili "kuhakikisha" ni kuongeza kukaza.

Kabla ya kuiamini, ijaribu. Bana mraba wake kwenye jiliwa, mpini ulale sawa, kisha ning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji, sentimita 20 kutoka katikati ya mraba. Maji, dumu na uzito wa spana yenyewe vinakaribia 11 Nm. Ukiiweka 10 inapaswa kubofya. Ukiiweka 13 isibofye. Ikishindwa jaribio hilo, irudishe dukani.

Kwenye kazi, safisha kwanza. Tundu lisilotoboka upande wa pili likibaki na oili, bolti huisukuma oili hiyo chini na inaweza kupasua alumini. Nyuzi zilizopakwa grisi huteleza, hivyo kipimo kilekile huvuta bolti kupita kiasi. Usipake kitu ambacho kitabu hakijasema. Kichwa cha silinda kikazwe kwa mkingamo, kwa awamu mbili au tatu, kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako. Plagi mpya izungushwe kwa mkono hadi iketi, kisha nusu mzunguko, ili washa yake ibonyee. Iliyokwisha kutumika haihitaji nusu hiyo, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko inatosha.

Skrubu za msalaba za vifuniko ni za mtindo wa Kijapani. Bisibisi ya kawaida ya nyota hupanda na kuharibu vichwa vyake, kwa hiyo tafuta bisibisi ya JIS (kiwango cha Kijapani) na ile ya kugonga kwa nyundo kwa zilizoganda. Wengi huzibadilisha kwa bolti za alenki, na ni uamuzi mzuri, lakini alenki hushika vizuri mno: mkono unaoweza kuharibu tundu sasa umepewa nguvu zaidi. Hapo ndipo spana hii inapolipa bei yake.

Kwa ekseli, ekseli ya swingi amu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na nati nyingine kubwa utahitaji ya pili. Chagua ya mraba wa tatu kwa nane, 20 hadi 110 Nm. Inabeba 30, 55 na 85 bila shida, wakati ile ya 28 hadi 210 haipimwi chini ya 42, yaani asilimia 20 ya 210, na bolti za milimita 10 zinataka 30 tu.

Usiitumie kulegezea nati. Ukimaliza, irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya mizani ili springi ipumzike, lakini usiizungushe kupita hapo. Ipimwe upya kila baada ya miezi 12 au mibofyo 5,000.