Uzoefu wangu: spea za kufufua injini ya Land Rover 109 kwa pesa ya mwalimu

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu tunayoiita 109, ya mwaka 1977. Baba alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu, akabebea mahindi na vitunguu Karatu kwa zaidi ya miaka ishirini. Lilipofika mikononi mwangu lilikuwa linatoa moshi wa bluu kiasi kwamba jirani akisikia nawasha, anaanua nguo. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, magari yakapanga foleni mji mzima, langu nililiacha nyumbani kwa aibu. Wiki iliyofuata nikapima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda: ya tatu ikanipa psi 60, nyingine zikachezea 90. Hapo hakuna cha kujadili, injini inafunguliwa.

Mimi ni mwalimu. Nilitenga milioni tatu, nikajiapiza sizidishi hata senti. Nilizidisha, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ilitokana na makosa yangu mwenyewe.

Kwa wasioijua, hii ni injini ya petroli ya silinda nne, cc 2,286, ukoo wa ile iliyoanza kufungwa kwenye Series II mwaka 1958. Raha yake ni kwamba spea bado zinatengenezwa. Karaha yake ni hiyohiyo: zinatengenezwa na kila mtu. Kitu kimoja utakikuta kwa bei tatu tofauti, boksi zinafanana, na muuzaji anakwambia zote ni orijino.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijaingia duka lolote. Fundi wangu wa gereji, ambaye mtoto wake namfundisha hesabu, alifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akapitisha kidole juu ya silinda pale ringi zinapoishia, akasikia ukingo, dalili kwamba ukuta umelika. "Mwalimu, hii tukichonga twenti inakuwa safi." Twenti ni pistoni iliyoongezwa unene kwa inchi 0.020, yaani nusu milimita. Nikamwamini. Nikampigia binamu yangu anayeishi Leicester, Uingereza, akanunua seti ya pistoni za chapa ya AE pamoja na ringi zake, akaja nazo kwenye begi alipokuja Krismasi. Ukijumlisha yote, 740,000. Nikajiona mjanja.

Januari tukapeleka bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga silinda. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza pistoni ziko wapi. Nikampa boksi langu la Leicester. Hakulifungua. "Hizi za zamani ziko wapi, mwanangu?" Nilikuwa nimezitupia nyuma ya gari, nikamletea moja. Kichwa chake kilikuwa cheusi, masizi yameganda kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Mzee akachukua bisibisi ya bapa, akaanza kukwangua taratibu, anapuliza, anakwangua tena. Baada ya dakika mbili ikatokea sifuri. Kisha nne. Kisha sifuri nyingine. 040.

"Kuna mtu alikutangulia hapa," akasema.

Injini ilikuwa imeshachongwa foti, yaani inchi 0.040, zamani, pengine baba mwenyewe ndiye aliyeipeleka, na kwa injini hii foti ndiyo ya mwisho kwenye orodha ya kiwanda. Pistoni zangu za twenti zingecheza humo ndani kama nazi kwenye gunia. Kazi ya kujua hilo ilihitaji bisibisi na dakika mbili, bure kabisa, na hedi ilikuwa wazi mbele yetu tangu Novemba.

Nilidhani 740,000 yangu imekwenda na maji. Mzee ndiye aliyeniokoa: tutapiga slivu, yaani mikebe ya chuma inayoingizwa ndani ya silinda zilizolika, akasema, halafu slivu nitazichonga zifuate pistoni zako badala ya kurudi standadi, kipimo cha kiwandani. Slivu nne pamoja na kazi ilikuwa 360,000 ambayo haikuwemo kwenye hesabu. Ila nilichokiona pale nakikumbuka mpaka leo. Alipima kila pistoni kwa mikromita peke yake, akaiandika namba kwa chaki, na kila silinda akaichonga kwa pistoni yake. Nafasi anayoiacha kati ya pistoni na ukuta ni kama unene wa unywele. Akikupa mtu bloku iliyochongwa bila kukuomba pistoni, chukua bloku yako uondoke.

Beringi nazo zina hadithi yake. Mpaka mwaka 1980 injini hizi zilikuwa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inayokaa kwenye beringi tatu, baada ya hapo Land Rover wakahamia tano. Kwa nje bloku zinafanana sana, na spea za krenki hazibadilishani. Duka la kwanza nililoingia, kijana hakuniuliza gari la mwaka gani. Alinyanyua boksi kutoka rafu ya juu, akapangusa vumbi, akataja 180,000. Ndani kulikuwa na seti ya tano. Duka la pili walikuwa na za tatu, boksi limeandikwa 020, saizi ambayo mzee alikuwa ameshanichongea krenki. Lakini nilikuwa nimefundishwa: geuza beringi uangalie mgongoni. Mgongoni paligongwa 010. Nikamwonyesha muuzaji, akaniambia, "Kaka, ni zilezile tu, zitakaa." Ukutani nyuma yake pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamrudishia boksi lake kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mwishowe beringi za krenki na za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, niliziagiza za chapa ya King kupitia kwa mtu anayeleta mizigo kutoka Dar, 290,000 zote. Mgongoni na kwenye boksi namba zilikuwa zinasomana. Tuliminya uzi wa plastiki wa kupimia nafasi kwenye kila beringi kabla ya kufunga moja kwa moja, na zote zilikaa ndani ya kipimo. Kwa hizi sina lawama, na ningezinunua tena bila kufikiri.

Sasa pale nilipojifanya bahili. Seti ya gasketi za injini nzima ipo ya 120,000 na ipo ya 210,000. Gasketi ya hedi ya seti zote mbili ilionekana sawa, nikachukua ya rahisi, nikajipongeza kwa kuokoa 90,000. Nilichosahau ni vile vipande viwili vya raba vyenye umbo la herufi T vinavyoziba kofia ya beringi ya nyuma ya krenki. Hivyo ndivyo vinavyoamua kama Land Rover yako itadondosha oili au la. Vinaingizwa kwa kubana kandokando ya kofia, na kona ya bloku lazima ilainishwe kwa tupa kwanza, la sivyo inakata raba. Za kwangu zilikuwa ngumu kama soli ya kandambili iliyoanikwa juani. Tulilainisha kona, tukapaka mafuta, zikaingia kwa shida na mimi nikajua kabisa hazijakaa vizuri. Nikanyamaza. Siku ya nne baada ya kuwasha, tundu la chini ya nyumba ya flaiwili likaanza kudondosha oili, tone baada ya tone.

Kuzifikia upya ni kazi ya kumwaga machozi: viti vinatoka, sakafu inatoka, giaboksi inapitishwa ndani ya kabini, klachi, flaiwili na nyumba yake, kisha sampu, ile karai ya oili chini ya injini. Fundi na msaidizi wake walitumia siku mbili, 200,000 ya ufundi, na bado nikanunua ile seti ya 210,000. Raba zake zilikuwa laini, zikateleza zenyewe. Oili sili ya nyuma pia tuliibadilisha hapohapo. Ni ile iliyopasuliwa upande mmoja, yenye springi inayounganishwa kwa kindoano kidogo, na ya seti ya kwanza kindoano kilikuwa kimeshaanza kufunguka.

Kuanzia hapo nikawa na utaratibu wangu wa matumizi, nao ni rahisi: chochote ambacho kikiharibika kinanilazimisha kushusha giaboksi au sampu, nanunua kizuri hata kama nalala njaa. Kinachofunguliwa kwa spana mbili nikiwa nimesimama, nabahatisha. Pampu ya maji nilichukua ya bei ya chini kuliko zote sokoni, 95,000, ikaanza kuvuja wiki ya tatu. Nikanuna, nikabadilisha Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ni hasara ninayoweza kuibeba.

Kuna vitu sikununua kabisa. Kemshafti, mhimili unaofungua vali, ilikuwa nzima, kwa sababu tapeti za injini hii, zile zinazopokea msukumo wake, zina roli zinazobingirika juu yake badala ya kusuguana. Roli nane tulizisafisha, tukazungusha kila moja kwa kidole kusikiliza kama inakwaruza, tukazirudisha kila moja mahali pake. Konrodi zilezile. Kabureta ya Zenith nayo ilikuwa inavuta hewa kwa sababu uso wake umepinda, ugonjwa wa kawaida wa kabureta hizi. Dukani mpya iliyoigizwa ni zaidi ya laki nne. Mimi nilibandika msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikasugua uso wa kabureta kwa mduara jioni nzima huku nasahihisha madaftari kwa vipumziko, mpaka alama za kalamu nilizochora zikafutika pote sawasawa. Gasketi mpya, 15,000. Sasa gari likiwa limesimama injini inaunguruma vizuri.

Kwenye hedi sikubania. Injini ya 1977 ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ile ilikuwa inalinda siti za vali za ekzosi. Za kwangu zilikuwa zimeliwa, vali zimezama. Nikatia siti mpya za chuma kigumu upande wa ekzosi, vali nne mpya na vibomba vinavyoziongoza. Kazi na vitu 430,000. Sijutii.

Kuwasha: tulitoa plagi, tukasukuma kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo tukarudisha plagi. Ilipokea mara ya pili. Nilikuwa nimeazima geji ya presha ya oili, injini ikiwa ya moto ikasimama kwenye psi 45. Baada ya kilomita 800 tulikaza tena boliti za hedi, tukarekebisha vali zote kwenye inchi 0.010, tukapima kompresheni: psi 130 mpaka 135 silinda zote nne. Mtu wa Tanga atasema hiyo ni ndogo, lakini Arusha tuko mita 1,400 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi, geji inasoma chini.

Jumla imefika 3,870,000. Ukiniuliza pistoni nazipa nyota ngapi, tano, na mnunuzi wake moja. Moshi umekwisha, oili naongeza robo lita kwa mwezi, jirani anaanika nguo zake kwa amani.

Pistoni moja ya zamani nimeiosha ikang'aa, naitumia kushikilia karatasi mezani ofisini. Kile kichwa chenye 040 nimekielekeza kwenye kiti cha wageni. Kikao cha wazazi ni mwezi ujao, na fundi wangu ameshathibitisha atakuja.