Mtego wa ndoo kwa nzi wa maembe: unamnasa nani, na utundikwe wapi

Mtego ninaouzungumzia ni ndoo ndogo ya plastiki yenye matundu ubavuni, inayouzwa katika maduka ya pembejeo pamoja na kivutio cha methili eujenoli, kemikali ambayo harufu yake huwavuta nzi dume, nami nimeutumia katika shamba la miembe huko Mkuranga. Kwa kazi ya kumnasa dume wa Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda anayeharibu maembe, mtego huu ni mzuri kweli: ukitundikwa kwenye kivuli cha mwembe, haupiti muda kabla ya nzi weusi-kahawia wenye mistari miwili ya manjano mgongoni kuanza kuyazunguka matundu na kuingia.

Nzi huyu asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, akapewa jina la Bactrocera invadens mwaka 2005, na tangu 2015 wataalamu wanamhesabu kuwa ni dorsalis yuleyule wa Asia. Uharibifu wake ulichangia sana Kenya kujizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021.

Ninachokilaumu ni maandishi ya pakiti, yanayodai kwamba mtego unafaa kwa nzi wote wa matunda. Ceratitis cosyra, nzi wa asili ya Afrika anayeshambulia maembe, mastafeli na matunda ya mng'ong'o, hafuati kivutio hiki. Hata kwa dorsalis, jike, ambaye ndiye anayedunga ganda na kutaga mayai, haji, kwa hiyo mkulima anayetegemea ndoo peke yake ataendelea kupasua embe dodo lisilo na kasoro kwa nje na kukuta nyama imelainika kama uji, funza wakirukaruka ndani yake. Chambo cha protini kinachowavuta majike ni lazima kiwepo, na maembe yaliyoanguka yaokotwe na kufukiwa kwenye shimo refu.

Muuzaji hakugusia kabisa mimea mingine, na hapo ndipo penye siri ya mdudu huyu. Msimu wa maembe ukiisha, dorsalis huhamia kwenye mapera, machungwa na hasa kungu, na ni nyumba chache za pwani zisizo na mkungu au mpera uani. Kuiondoa mitego mwezi Februari, kama wengi wetu tufanyavyo, ni kumwachia nafasi ya kuzaana hadi msimu ujao. Wa milimani nao wajipime kabla ya kununua: utafiti wa Morogoro ulionyesha kuwa dorsalis hutawala nyanda za chini, na kadiri unavyopanda anapungua na kumpisha Ceratitis rosa, nzi mwingine wa matunda, ambaye kivutio hiki hakimvuti.

Pamoja na hayo, kwa wenzangu wa pwani ninaupendekeza mtego huu. Kivutio hukauka upesi kwenye joto letu, basi nunua cha akiba mapema, na ndoo mojawapo itundike karibu na mkungu.